Kujifunza Kisukuma kwa ajili ya utume: ukae na familia, umlipe mwalimu, au uzunguke mtaani?

Mmisionari wa Kizungu akifika Kwimba hana ujanja: asipojua lugha ya watu, hata maji ya kunywa anaomba kwa vidole. Wewe uliyetoka Mbeya, Tanga au Dar es Salaam shida yako ni nyingine. Unafika, unasalimia kwa Kiswahili, unajibiwa kwa Kiswahili, unasogezewa kiti, Jumapili unahubiri na watu wanaitikia amina. Mwaka unakatika, na Kisukuma chako bado kinaishia kwenye mwangaluka ya asubuhi, mwadila ya jioni na wabeja ya kushukuru.

Kazi inakwenda, au inaonekana kwenda. Ila msibani, wazee wakijitenga chini ya mti kuzungumzia ng'ombe wa marehemu, unabaki na vijana wa kupika chai. Mama aliyekuja kuombewa anaanza kwa Kiswahili, akifika mahali panapouma ananyamaza, anamalizia kwa "basi tu, mchungaji." Hakukuficha. Kiswahili chake ni cha sokoni na shuleni, na jambo lenyewe halikutokea sokoni wala shuleni.

Mimi ni Msukuma wa Magu ninayeishi Mwanza mjini, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwatafutia wageni wa makanisa mahali pa kujifunzia lugha, Wakatoliki kwa Waprotestanti. Wengi huniuliza njia ipi ni nyepesi. Kwa Mtanzania mwenzangu huwa nageuza swali: njia ipi itakunyima Kiswahili? Hicho ndicho kipimo nilichotumia hapa chini, kwa hiyo msomaji ambaye hajui Kiswahili kabisa asishangae akiona mizani inamlalia vibaya.

Darasani

Hapa sitakaa. Shule ya lugha inayojulikana zaidi kanda ya ziwa ni ile ya Makoko, Musoma, iliyoanzishwa na Wamaryknoll, wamisionari Wakatoliki kutoka Marekani, nayo hasa huwafundisha wageni Kiswahili. Anayetoka nje ya Afrika Mashariki aanzie huko au mahali kama huko, ndipo aje kwenye Kisukuma. Wewe hatua hiyo umeshaivuka, na darasa la Kisukuma lenye ratiba, mtaala na cheti si kitu utakachokikuta kila mahali.

Lakini jambo moja la darasani usilidharau: kufunza sikio. Kiswahili kina vokali tano. Kisukuma kina saba, na juu ya hizo kina toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunabeba maana. Sikio la Mswahili linazichukua i mbili tofauti likazifanya moja, na u mbili vilevile, kisha mkono unaandika kilichodhaniwa. Kuna pia zile sauti za pua zinazotoka na pumzi, kama kwenye banhu, yaani watu, au mhola tunayojibia salamu. Mgeni huzitamka kavu, tunamwelewa, tunanyamaza.

Kwa hiyo, njia yoyote utakayoichagua, wiki za mwanzo mtafute mtu anayejua kusoma na kuandika Kisukuma vizuri, mathalani mwalimu mstaafu au katekista aliyezoea kusoma Biblia ya Kisukuma mbele ya watu. Akusomee, urudie, akukatae. Ukishajenga matamshi mabovu, familia haitakurekebisha. Itakuzoea.

Mwalimu wa kulipwa

Hii ndiyo njia wanayoikimbilia waliopangiwa mjini. Unapanga chumba Igoma, Nyakato au Buhongwa, unapatana na mama mmoja au kijana aliyemaliza chuo, anakuja jioni, mnakaa saa mbili, unamlipa, anaondoka. Raha yake ni kwamba muda ni wako. Utauliza kitu kilekile mara kumi na hakuna atakayechoka waziwazi, maana analipwa. Makosa yako yanabaki humo ndani.

Ubaya wake ni kwamba mlango ukifunguliwa, mtaa wote ni Kiswahili. Watoto wa Igoma, hata ambao baba na mama ni Wasukuma watupu, wanacheza kwa Kiswahili, wanagombana kwa Kiswahili, na wakiulizwa jambo na bibi kwa Kisukuma wanajibu kwa Kiswahili. Ulichojifunza saa kumi na moja hakina pa kwenda saa moja usiku.

Halafu inategemea hizo saa mbili mnazitumiaje. Mwalimu asiyeelekezwa ataanza na orodha: kichwa, jicho, sikio, pua. Kisha tafsiri: "ninakwenda" tunasema hivi, "nitakwenda" tunasema hivi. Mkija kutazama, mmezungumza Kiswahili kuhusu Kisukuma muda wote. Wamisionari wanaofuata utaratibu wa mwanaisimu Greg Thomson huanza kwa upande mwingine. Saa 30 za kwanza mwanafunzi hasemi kitu. Anasikia na kutenda: chukua kikombe, weka jiwe chini ya kigoda, nionyeshe anayetwanga. Vyombo vya nyumbani, wanasesere na picha ndivyo vifaa. Baadaye zinakuja hadithi za picha, na mbele zaidi watu wanasimulia maisha yao wenyewe. Utaratibu mzima umepangiwa saa kama 1,500 za kuwa pamoja na wenyeji. Kwa saa mbili za mwalimu wako, siku tano kwa wiki, hizo ni wiki 150, karibu miaka mitatu. Kwa saa nne ni mwaka na nusu.

Mswahili hatahitaji zote, maana ngeli za majina na viambishi vya kitenzi anavitambua mara moja. Hata hivyo hesabu hiyo itakufaa siku utakapoketi na askofu au mwangalizi wako kumweleza kwa nini miezi mitatu ya "kuzoea mazingira" ni utani.

Na jambo la adabu: mwinjilisti kijana asiye na mke kujifungia chumbani na binti mwalimu, hata kama kwenye meza kuna daftari tu, ni kujitafutia kesi. Kaeni barazani. Afadhali zaidi, mwalimu awe bibi.

Kuzunguka mtaani

Wanandoa wa Kimarekani, Tom na Betty Sue Brewster, waliwazoeza wamisionari wa miaka ya 1970 mtindo ambao bado una wafuasi. Asubuhi unapata kwa msaidizi wako sentensi chache, zile utakazozihitaji leo hii. Unazikariri mpaka mdomo uzizoee. Mchana unatoka, unamwambia kila unayekutana naye, watu kwa makumi, sentensi hizohizo. Jioni unakaa na kujiuliza ni zipi zilieleweka. Kesho unaongeza kidogo. Siku ya kwanza hutasema zaidi ya: mimi ni mgeni, najifunza Kisukuma, hiki ndicho ninachokijua, asanteni, kesho nitapita tena.

Naupenda mtindo huu kwa sababu unakufanya mnyonge mbele ya kijiji kizima, na mhubiri aliyewahi kuchekwa na wauza nyanya wa gulioni husikilizwa kwa namna nyingine. Tena unafahamika upesi. Ndani ya wiki chache kila mtu anajua yule mgeni wa kanisa anajifunza, na wazee wa bao wataanza kukudai sentensi mpya.

Ila ulitungwa kwa ajili ya mtu ambaye uso na rangi vinamtangaza kuwa hajui. Wewe ukisimama mbele ya duka Misungwi na kigugumizi chako cha Kisukuma, muuzaji atakutazama, atacheka kidogo, atakujibu kwa Kiswahili kizuri kukupunguzia taabu. Ni ukarimu, huwezi kumlaumu. Wengine watajiuliza: Mtanzania mwenzetu, msomi, Kisukuma cha nini? Karibu na uchaguzi watadhani unatafuta kura. Siku ya mnada watadhani unataka ng'ombe kwa bei ya kienyeji.

Mwenye bahati hapa ni Mzaramo, kwa sababu ya utani wa tangu enzi za misafara. Akijitambulisha tu, atatukanwa kwa furaha, atajibu, na tayari ana mazungumzo ambayo mwinjilisti wa Kinyakyusa atayasotea. Nimeona mtani akifundishwa maneno kwenye msiba, kaburi likichimbwa. Sikushauri kuyatumia yote mimbarini.

Kuhamia kwenye familia

Mwezi wa sita mmoja nilikwenda kumtazama mwinjilisti kutoka Njombe niliyemwombea nafasi kwenye mji mmoja, yaani kaya ya ukoo, huko Kwimba. Nilimkuta ameketi kwenye turubai pamoja na bibi mwenye mji, wanachambua pamba. Mbele yao lundo, pembeni mafungu mawili, pamba safi na pamba fifi. Bibi anashika ngumi ya pamba, anaigeuza, anasema neno, anaitupa upande. Anampa mgeni nyingine, anasema tena. Mgeni anaiweka kwenye safi. Bibi anaitoa, anamwonyesha jani lililosagika ndani yake, anarudia lile neno kwa nguvu, na kuongeza sentensi nzima ambayo kwa Kiswahili ningeifupisha kuwa huyu mjukuu hana macho. Mkwewe alikuwa kisimani, mzee yuko kwa jirani, watoto wakubwa shuleni. Hapakuwa na mtu wa kutafsiri, na bibi mwenyewe Kiswahili chake kinaishia kwenye kuhesabu pesa. Mpaka jua linazama mwinjilisti alikuwa anachambua kwa amri tu. Ni zoezi lilelile la kusikia na kutenda, isipokuwa hapa kosa lako linashusha bei ya pamba ya mtu.

Hiki ndicho familia inachokupa na hakuna mwalimu wa saa mbili atakayekiweza: watu ambao hawana Kiswahili cha kukupa. Mabibi, na watoto ambao bado hawajaanza shule. Mtoto wa miaka minne wa kijijini hana huruma ya lugha. Usipoelewa anarudia, anakuvuta mkono, anakuita kwa sauti wenzake waje wakuone. Akishaanza darasa la kwanza anapata Kiswahili, na wewe umempoteza.

Cha pili ni nafasi ya undugu. Ukipokewa kama mtoto wa mji, unajulikana ni mtoto wa nani, kwa hiyo watu wanajua wakusalimie vipi. Salamu yetu ni ndefu, hasa kwa wakubwa. Ukoo unaulizwa, na asiye na wa kumtaja hubaki mlangoni mwa mazungumzo. Unaanza kuita mayu (mama) na guku (babu), na kujifunza nani unataniana naye na nani unampisha njia. Mjukuu na bibi wanataniana, ndiyo maana bibi ni mwalimu kuliko mama wa mji, ambaye atakuheshimu mno na kukunyamazia. Na kwa mkwe unakaa mbali, hata kama ndiye mwenye Kisukuma kitamu kuliko wote.

Cha tatu ni kazi. Mvua zikianza, vijana wa jirani wakitoka na elika yao kulima shamba la mtu kwa zamu, chukua jembe. Hutalima vizuri, lakini nyimbo za kulimia zinarudia mstari mmoja mpaka unakukaa kichwani bila kukusudia, na nsumba ntale anayewaongoza atakupigia kelele kwa maneno mafupi na ya wazi. Usipokwenda utasikia habari za shamba kwa Kiswahili jioni, zikiwa zimepoa.

Sasa mapungufu, maana yapo. Familia haifundishi, inaishi. Ukiuliza "kwa nini hapa mnasema hivi na pale vile?" jibu ni kwamba ndivyo tunavyosema. Kusoma na kuandika hutajifunza humo. Msamiati wako utanenepa upande wa mifugo, mvua, michembe na matobolwa (viazi vitamu vilivyokaushwa), na kukonda upande wa msamaha, dhamiri na agano. Utapata pia lafudhi ya mji huo. Ya Ntuzu, kule Bariadi, si ya Dakama kusini, na watu watakujua ulikolelewa ukifungua mdomo. Hilo la mwisho mimi silihesabu kama kasoro. Mtu mwenye lafudhi ya mahali ana kwao.

Faragha nayo sahau. Atakayekuwa na chumba chenye komeo na kitabu chake jioni nzima, baada ya wiki mbili ataitwa mgonjwa.

Madeni yanayokuja na undugu

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa. Mwalimu wa kulipwa ukimaliza naye mmemalizana. Mtaa unaozunguka haukudai zaidi ya salamu. Familia inakudai maisha. Utaandikwa kwenye mchango wa harusi ya binti wa baba mdogo. Msiba ukitokea hutatuma rambirambi, utalala matangani. Ukihamishwa Kahama miaka mitano baadaye, simu itakufuata kwa ada ya mtoto.

Zito zaidi ni ugomvi. Mji una majirani, na majirani wana mpaka wa shamba. Ukiwa mtoto wa upande huu, upande ule hautakuona kama mchungaji wa wote. Ufuo huu wa ziwa una habari ya zamani ya jambo hilo. Desemba 1877, Shergold Smith na O'Neill, wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, waliuawa Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro, aliyekimbilia kwao akitafuta hifadhi. Walikuwa na uhusiano na pande zote mbili. Siku hizi hakuna mkuki, ila kuna vikao vya kijiji, na mwinjilisti aliyewahi kusimama shahidi wa mpaka anajua kanisa linavyoweza kupungua viti siku moja.

Ndiyo maana ninapomtafutia mtu familia, naepuka mji wa mwenyekiti wa kijiji, wa mgombea, na wa mzee wa kanisa mwenye kesi. Familia ya kawaida, yenye bibi na watoto wadogo, isiyo maskini mno kiasi cha kukuona kama mvua. Na siku ya kwanza, mbele ya wote, sema umetumwa na kanisa gani na umekuja kufanya nini. Wasukuma wengi vijijini wako nje ya kanisa lolote, na hawakasiriki kuishi na mtu wa dini. Watakasirika wakigundua kwamba udugu ulikuwa chambo. Wakikualika kwenye tambiko la mababu, uwe umeshaamua na kanisa lako utafika wapi: kusalimia na kula nyama ya kawaida, au kubaki nyumbani na watoto. Kuamua palepale, ngoma ikilia, utakosea upande mmoja au mwingine.

Kwenye pesa nitasema machache. Mwalimu mlipe kwa makubaliano ya wazi, na angalau asipungukiwe na kile kibarua wa shamba anachopata hapo kijijini kwa siku, kwa sababu saa zako ndizo saa zake za kulima. "Ni mtoto wa kanisa, atajitolea" ni kumdhulumu. Familia usiilipe kodi kama nyumba ya wageni, itakugeuza mpangaji na Kiswahili kitarudi mezani. Changia chakula kila mwezi, umkabidhi mama mwenye jiko mzee akiona, na sukari na sabuni ukitoka mjini.

Mahali panabadilisha majibu

Mjini Mwanza familia haikusaidii sana, kwa ile sababu ya watoto. Ukiwa huna budi kubaki mjini, basi mwalimu, na Jumamosi nzima kwenye mji wa mtu nje ya jiji. Kisesa ni karibu, na hapo Bujora kuna makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika. Mwezi wa sita, kwenye Bulabo, sikukuu ya ngoma, wacheza ngoma wa vyama viwili hasimu, Bagika na Bagalu, wanashindana huko, na kwenye umati ule hutapata mtu wa kukutafsiria kwa sababu kila mmoja anapigia kelele upande wake.

Vijiji vyenye misheni ya siku nyingi vina faida yake. Bukumbi, ambako Wamisionari wa Afrika walifungua misheni mwaka 1883, au Nassa, ambayo Africa Inland Mission waliipokea kutoka CMS mwaka 1909, zina familia zilizosali kwa Kisukuma kwa vizazi. Huko utapata maneno ya sala, tenzi na maungamo ambayo mji wa mchunga ng'ombe hauna. Hatari yake ni kuongea kama katekista hata unapoomba chumvi. Kwa mtu aliyetumwa kwa wasiosali, ningeanza na mji wa kawaida, na kwenda kwenye familia ya misheni mwaka wa pili.

Visiwani ni habari nyingine, na lugha si Kisukuma peke yake. Ukerewe kuna Kikerewe na Kijita, Ukara wana Kikara. Maandishi ni machache mno. Aniceti Kitereza, katekista wa Ukerewe, aliandika riwaya ndefu kwa Kikerewe mwaka 1945, na kwa kukosa mchapishaji wa lugha hiyo akalazimika mwenyewe kuitafsiri kwa Kiswahili. Ilitoka alipokuwa mzee kabisa, akafariki mwaka 1981. Kwa hiyo huko vitabu vyako ni watu, na njia ya familia haina mshindani.

Ila usichanganye kijiji na kambi ya wavuvi. Kambini kuna Mkerewe, Mjita, Mkara, Mhaya, Msukuma na Mjaluo kwenye mtumbwi mmoja, na lugha ya kazi ni Kiswahili cha mwaloni, yaani cha ufukweni samaki wanakoshushwa. Ukitumwa kambini, jifunze Kiswahili hicho, kina maneno yake, na ratiba yao: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mchana ni kuanika na kulala, na mbalamwezi ikiwaka ndipo watu wanatulia, wanashona nyavu na wana muda na wewe. Anayetaka Kijita chenyewe aende Majita, Musoma Vijijini, au kijiji cha ndani Ukerewe.

Ningepanga hivi

Kwa kijana au sista aliyepangiwa kijijini Usukuma: wiki chache za kufunza sikio na msomaji mzuri, kisha familia kwa mwaka mzima, na ndani ya mwaka huo mwalimu wa kulipwa kutoka mji mwingine, saa mbili kwa siku, wa kumpelekea maswali ambayo familia haiwezi kuyajibu. Rekodi kwa simu anachosimulia bibi, kwa ruhusa yake, mwalimu akusaidie kuyaandika. Mtindo wa kuzunguka uutumie siku za gulio tu. Anza mwezi wa sita, pamba na mahindi vikiwa nyumbani na watu wana nafasi, ili mvua za mwezi wa kumi na moja zikukute unaweza kufuata maelekezo shambani.

Mahubiri kwa Kisukuma usiyaharakishe. Soma somo, toa salamu, halafu endelea na Kiswahili na mkalimani mpaka bibi wa mji wako aseme ameelewa bila kukuonea huruma. Mkalimani awe mtu atakayekwambia baadaye ulipotereza, siyo yule anayeyafunika kwa ufasaha wake.

Kwa mwenye mke na watoto, kuhamia kwenye mji wa watu wote kwa mwaka ni kazi, na sijaona wengi wakiimudu. Pangeni nyumba inayopakana na mji mmoja, mshirikiane kisima na kuni. Mama apate mwalimu wake wa kike na asiachwe na Kiswahili cha dukani huku baba akisifiwa. Watoto waacheni wacheze, watawapita ninyi wote wawili kabla ya Krismasi.

Kwa aliyepewa Mwanza mjini na parokia au usharika wenye ibada tatu kila Jumapili: mwalimu, Kisesa siku za Jumamosi, na likizo yote ya mwaka kijijini. Akiwa hana hata hiyo Jumamosi, amwombe mkubwa wake amwache na Kiswahili, atafute mkalimani mwaminifu, na asiwaahidi watu wa Kwimba kitu kingine.